Mteja Asiye na Kisima

Kazini walimwita Milio Minne, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa na fundi. Alikuwa mtu wa simu katika kampuni inayouza pampu za maji, na siku ya kwanza tu alikuja na sheria yake: simu yoyote, iwe ya mteja au ya mkwe, isiite zaidi ya mara nne mahali pamoja. Ikifika ya nne, ihamie kwa mwingine. Mapokezi wasipopokea, iende mauzo. Mauzo wakikaa kimya, iende stoo. Stoo wakiwa wamelala juu ya maboksi, kama ilivyo dini yao, iende kwa mlinzi getini, ambaye naye alifundishwa kusema "Kampuni ya pampu, habari za leo," akaisema kwa sauti ya kufukuza mwizi.

Kabla hajaja, simu za pale zilikuwa zinaita mpaka zinachoka zenyewe. Mtu anapiga asubuhi kuulizia pampu, anarushwa huku na kule, anaishia kwa mchomelea vyuma uani, ambaye anamwambia hajui lolote na kumkatia. Milio Minne akajifungia wiki mbili kwenye chumba chake nyuma ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, mna mtambo mweusi unaopuliza hewa ya moto kama ng'ombe mwenye mafua. Akachora visanduku na mishale kwenye karatasi kubwa. Asubuhi simu ziende huku, saa ya chakula ziende kule, Jumamosi mchana zote zitue kwa mlinzi. Kila mtu akampa namba yake fupi. Alipokwisha kuingiza yote kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, akawa anajipigia mwenyewe kwa simu ya mfukoni huku anazunguka jengo zima, ametega sikio, kama mtu anayewinda panya.

Mwisho wa mwezi akabandika karatasi ukutani: simu zilizopotea, mbili. Meneja akampa mkono mbele ya watu. Ikawa ugonjwa tangu hapo. Nyumbani mkewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu bwana akifa, na makaburini wasipofungua ndani ya milio minne, maiti ihamishiwe kwingine. Wageni wanacheka, na yeye anacheka, lakini ukimwangalia usoni unaona kabisa anafikiria kwamba wazo lenyewe si baya.

Sasa mtu huyu alikuwa na mama, na mama alikuwa na simu.

Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambamo viwili vilikuwa vya vumbi. Goti lake moja lilikwisha kususia ngazi. Mlango wa pili alikaa fundi cherehani, mama wa makamo asiyeolewa, ambaye cherehani yake ilikuwa ikinguruma kutwa. Watoto alizaa wanne. Wa kwanza mwanamke, mwalimu. Wa pili huyu wa simu. Wa tatu dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. Wa mwisho nesi, kitinda mimba, ambaye mpaka leo akifika kwa mama anakaa chini na kunyooshewa miguu.

Mama hakuwapigia ovyo, ingawa wao ndivyo walivyodhani. Habari za goti na tumbo alizipeleka kwa nesi. Barua za serikali na majirani wanaogombana, hayo ya mwalimu. Akitaka kucheka, alimtafuta dereva. Kwa Milio Minne alipiga bila sababu yoyote. "Umekula?" Amekula. "Uko wapi?" Yuko kazini. "Nasikia kama upepo." Ni mtambo, mama. "Aa, mtambo." Basi, imekwisha hiyo. Baada ya saa moja anapiga tena kuuliza kama mtambo bado unapuliza.

Siku moja alikuwa juu ya ngazi ukumbini, nyaya kazibana kwa meno, simu ikaita kwa mara ya tatu asubuhi ileile. Akatema nyaya, akashuka, akapokea. Akamuuliza mama ana shida gani. Mama akasema hana shida. Akamwambia, polepole, kama anavyowaambia watu wa stoo, kwamba simu ni kitu cha kazi, na mtu asiye na shida anapompigia mtu mwenye kazi, basi wamekuwa wawili wenye shida. Mama akasema amesikia. Ile siku hakupiga tena, na kesho yake saa mbili asubuhi akapiga kuuliza kama bado amekasirika.

Wakakutana wanne, Jumapili, kibarazani kwa mama, mama akiwa ndani anaosha vikombe. Walisema kwa sauti za chini. Mwalimu alisema simu inaita darasani na wanafunzi wamekwisha kuujua mlio, wanamwambia, "Mwalimu, bibi huyo." Dereva alisema siku moja ataingia mtaroni na lori zima kwa sababu ya kuambiwa habari za kuku wa jirani. Nesi alilala kwenye mapaja ya dada yake. Milio Minne akasikiliza wote, kisha akatoa kalamu mfukoni. Mwalimu alipoiona ile kalamu akajua wamepona.

Kampuni ilikuwa na namba moja ya nje iliyolala bure. Alimwomba meneja aitumie kwa mambo ya familia, akamweleza ni ya nini, na meneja, ambaye naye alikuwa na mama, akakubali, kisha akauliza kama hakuna na ya pili. Milio Minne akaipangia njia. Mama akipiga ile namba, mtambo unampeleka kwa mwenye zamu ya wiki. Milio minne. Hakupokea, kwa wa pili. Milio minne. Wa tatu, wa nne. Haiwezekani watoto wanne wote wakose kupokea kwa wakati mmoja, na hata wakikosa, mtambo unaandika. Akaichukua simu ya mama, akafuta namba za watoto zote, asije akabonyeza kwa bahati mbaya, akaacha ile moja.

Alimfundisha mwenyewe. Bonyeza hapa, weka sikioni, subiri. Mama akajaribu, ikaita kwa mwalimu aliyekuwa amekaa palepale mbele yake, wote wakacheka. Halafu mama akauliza, "Na nikimtaka mmoja wenu?"

"Sote watoto wako, mama. Atakayepokea ndiye."

Mama akaitazama ile simu, akaifuta kwa kanga. "Haya, baba."

Ikafanya kazi. Kilichoudhi baadaye ni hicho, kwamba ilifanya kazi vizuri mno. Hakuna simu ya mama iliyopotea. Ila wiki ya goti ilimwangukia dereva, na wiki ya kutaka kucheka ikamwangukia mwalimu, ambaye kucheka kwake huwa ni baada ya kusahihisha madaftari. Dereva alikuwa akisimulia kwa furaha jinsi mama alivyoanza kumweleza habari za choo, naye akamwambia, "Subiri wiki ya nesi, mama, mimi huku nabeba saruji." Wakacheka mpaka machozi. Mama akajifunza kuuliza kwanza. Simu ikipokelewa anasema, "Leo nimempata nani?" Akishajua, anatafuta la kusema linalomfaa huyo. Kama halipo, anaulizia afya, anashukuru, anakata. Ilipofika mwezi wa pili alikuwa akianza na "Samahani, ni mama yenu," kana kwamba wana mama wengine kadhaa wanaopiga.

Milio Minne alilisikia hilo "samahani" kwa masikio yake, wiki ya zamu yake. Akaliona ni adabu.

Na kila mwezi alitoa karatasi. Mwezi wa kwanza, simu za mama, kumi na moja kwa siku. Wa pili, nne. Wa tatu, moja. Wa nne zikawa zinahesabika kwa wiki, Jumatatu moja, Alhamisi moja. Aliipeleka ile karatasi kwa dada yake, akamwonyesha kwa kidole ule mstari unaoshuka kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Mwalimu akasema, "Mdogo wangu, umetuokoa. Mama ametulia." Kwenye pampu ndivyo ilivyo: mtu akikwisha kupata maji, hapigi tena. Mteja anayepiga kila siku ndiye mwenye malalamiko. Milio Minne alikuwa na miaka kumi na tano kwenye kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kuna wateja wa namna nyingine.

Basi mwezi uleule wa nne, meneja akamwita. Alikuwa na shida ya wasumbufu. Kuna watu, alisema, wanapiga mapokezi kila siku, wanauliza, wanaulizwa, wanaaga, na hawanunui hata mpira wa kufungia bomba. Wanachukua nafasi ya watu wenye visima. Akataka wapelekwe pembeni.

Kazi ya nusu saa. Milio Minne akauamuru mtambo umpe namba kumi zilizopiga sana bila kuishia kwenye mauzo, akaziandika, akaenda mapokezi kuzithibitisha, kwa sababu yeye si mtu wa kudhulumu. Binti wa mapokezi alikuwa msichana wa haraka, anayekula karanga chini ya meza na kupokea simu bila kusikika anatafuna. Aliipitia orodha. Huyu anauza bima, mpeleke. Huyu anatafuta kazi ya ukarani tangu mwaka jana, mpeleke. Alipofika namba ya saba akasita.

"Kaka, hawa wengine wapeleke hata jehanamu. Huyu wa saa nne niachie."

"Amenunua nini?"

"Hajanunua."

"Anauliza nini?"

"Pampu ya kisima."

"Kisima chenyewe kirefu kiasi gani?"

Binti akalamba chumvi ya karanga kidoleni. "Hana kisima," alisema. "Ni mama mtu mzima tu. Tunazungumza."

Akamwambia simu ya kampuni si kibaraza. Hakumwambia kwa ukali. Alimwambia kama mtu anayemwonea huruma kwa kutojua. Akarudi chumbani kwake, akaziweka namba zote kumi kwenye fungu moja, akaliandikia fungu lile jina "Baadaye", na njia yake akaipanga hivi: mpigaji asikie muziki dakika tatu, kisha sauti ya kumwomba aache ujumbe, kisha ujumbe uingie kwenye sanduku. Sanduku lenyewe halikuwa la mtu. Ilikuwa ndiyo maana yake.

Siku ya kumi na mbili taa ya njano ikawaka kwenye mtambo. Sanduku limejaa. Mtu mwingine angefuta yote kwa kubonyeza mara moja akaenda kula. Yeye alikuwa na sheria nyingine, kwamba hakuna ujumbe unaofutwa bila kusikilizwa, kwa hiyo akavaa spika za masikioni, akafungua boksi la chakula, akaanza. Mtu wa bima. Mtu wa bima tena, amekasirika. Karani asiye na kazi, anasoma cheti chake chote mpaka sanduku linamkatiza. Halafu pakawa na ngurumo ya cherehani, mbali kidogo, na sauti ikasema, "Binti yangu, ni mimi. Leo naona una wageni wengi. Nitapiga kesho."

Kijiko kikabaki hewani.

Zilikuwa kumi na moja, moja kwa kila siku ya kazi na moja ya Jumamosi. Akazisikiliza zote kwa mpangilio wake. Katika ya tatu mama alikuwa akiusifia ule muziki. Katika ya tano aliuliza kama binti anaumwa. Katika ya nane alieleza kwamba ameambiwa kuna pampu ndogo, za bei nafuu, huenda akanunua. Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ileile.

"Binti, ni mimi wa pampu. Kama nimekukosea nisamehe, sitauliza bei tena. Nilikuwa nataka unieleze kitu kimoja tu, yule fundi wenu wa simu, yule mrefu, kama leo amekuja kazini. Ni hilo tu. Ahsante."

Alipotoka pale nyuma ya ngazi, mlinzi alimsalimu hakuitikia, na mlinzi akamwambia mtu wa stoo kwamba Milio Minne leo kakatika laini.

Binti wa mapokezi alipoulizwa alidhani anagombezwa, akajieleza kwa haraka. Alisema yule mama ana miezi mitatu anapiga. Kwanza anaulizia pampu, dakika moja hivi, kwa heshima. Halafu anauliza wafanyakazi wazima? Na yule wa kupanda ngazi? Basi yeye humwambia. Siku fundi alipovaa shati la kijani, alimwambia. Siku alipogombana na watu wa stoo, siku alipokohoa kwenye kikao, siku alipoleta chakula akasahau kukila, yote alimwambia. Mama anacheka, anasema, "Ndivyo alivyo," kisha anajirekebisha, anasema, "Ndivyo walivyo watu warefu." "Mimi nilidhani ana binti yake anataka umwoe mke wa pili," binti alisema. "Sikutaka kukuharibia."

"Ni mama yangu," Milio Minne akasema.

Binti akaziweka karanga chini.

Aliomba ruhusa, akaenda kwa mama mchana uleule. Fundi cherehani alikuwa mlangoni pake, pini mdomoni, akamtazama kwa namna ya mtu aliyekuwa akimsubiri tangu zamani. Simu, alisema akiwa bado na pini, ni yake. Mama yako anakuja saa nne, anaazima, anakaa kwenye kile kigoda. Yake hataki kuitumia. Anasema mtambo wako unaona kila kitu, utajua ni yeye. Akatoa pini moja mdomoni, akaongeza kwamba siku hizi kumi na mbili anakaa pale kigodani na muziki sikioni mpaka unaisha.

Mama alikuwa amekaa chumba cha mbele, chini ya kalenda ya kampuni ya pampu, aliyoletewa na mwanawe mwenyewe mwanzo wa mwaka, yenye namba ya mapokezi imeandikwa kubwa kama ya basi. Alipomwona kaja siku ya kazi, akashika kifua, akauliza nani amekufa. Akaambiwa hakuna. Akaambiwa yote. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama mtoto aliyekutwa na sukari, na alipopewa nafasi ya kusema, alichosema ni, "Yule binti hajafukuzwa?"

Hajafukuzwa.

"Basi usimgombeze. Mimi ndiye niliyemzoesha."

Milio Minne akaichukua simu ya mama, akafuta ile namba ya zamu, akaziweka tena namba za watoto, moja moja. Yake akaiweka ya kwanza kabisa, juu ya dada yake mkubwa, jambo ambalo kwenye familia ile lingeweza kuleta vita. Akamwambia, hapa ni mimi. Siyo zamu, siyo mtambo. Saa yoyote, ukiwa na shida au huna. Mama akaifuta simu kwa kanga. "Haya, baba," akasema, na Milio Minne akarudi kazini akiwa mwepesi, kama mtu aliyelipata kosa kwenye nyaya na kulikaza.

Wiki ikapita. Nesi alipigiwa, habari za goti. Mwalimu alipigiwa. Dereva alipigiwa akachekeshwa yeye, badala ya kuchekesha. Milio Minne hakupigiwa. Akawa anapiga yeye, kila siku saa tatu. Mama anapokea upesi, anauliza kama kuna tatizo, anaambiwa hakuna, anasema, "Nashukuru kwa kupiga, kazi njema." Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kutokupima, alipima. Sekunde arobaini. Siku nzuri, hamsini. Na saa nne kamili, kwa simu ya fundi cherehani ambayo alikwisha kuitoa kwenye fungu la "Baadaye", mama anazungumza na binti wa mapokezi dakika saba.

Ndipo alipofanya ujinga. Asubuhi moja akaipangia ile namba ya cherehani njia ya peke yake: isiende mapokezi, ije moja kwa moja mezani kwake. Saa nne ikaita. Hakuingoja hata mlio wa pili.

"Haloo, mama."

Cherehani ilisikika, halafu ikasikika imesimama. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yule binti yuko wapi?"

"Yupo. Lakini niambie mimi, mama. Mimi nina nafasi."

"Hapana, mwanangu. Wewe nikikupigia nakukatiza kazi. Yule, kupokea ndiyo kazi yake." Akasema bila lawama hata kidogo, kama anavyorudia mtu somo alilofundishwa likamwingia. "Haya, nisikuweke."

Kesho yake ile namba haikupiga popote. Kesho kutwa pia. Siku ya tatu binti alisimama mlangoni pa kile chumba, mikono nyuma, akasema, "Kaka, mama hajapiga." Binti alipoondoka, Milio Minne akaifuta ile njia, akairudisha namba mapokezi, akamwomba binti ampigie yeye fundi cherehani, amweleze kwamba simu zilikuwa na hitilafu na sasa zimetengenezwa. Ilikuwa kweli, ukiitazama kwa upande.

Tangu hapo saa nne ikimkuta ukumbini, anarudi nyuma ya ngazi. Simu yake ya mezani ina safu ya vitaa, kila namba ya kampuni na kitaa chake, na cha mapokezi ni cha kwanza juu. Kikiwaka chekundu saa nne na dakika moja, anajua. Anakaa nacho mpaka kizime. Watu wa stoo walizoea kwamba saa hiyo fundi haitwi, wakadhani anasali.

Siku moja alimwambia binti, "Leo akiuliza, mwambie naumwa." Binti akamtazama, akasema kaka, si vizuri. Akamwambia amwambie tu, kifua. Alikuwa amefikiria yote: mama atashtuka, ataacha simu ya watu, atachukua yake, atabonyeza namba ya kwanza. Saa nne kitaa kikawaka. Hakikufika hata dakika mbili, kikazima. Akaitoa simu ya mfukoni, akaiweka juu ya meza, uso juu, akaondoa karatasi zote pembeni yake kana kwamba inahitaji nafasi.

Dakika kumi zikapita. Ikaita. Alikuwa nesi.

"Kaka, una nini kifuani?"

"Nani kakwambia?"

"Nimewaza tu," alisema nesi, kisha akacheka, kwa kuwa kitinda mimba hajui kudanganya. "Mama. Kasema nijifanye nimewaza mwenyewe. Kasema usinywe vya baridi na ukapimwe leo, na nisikwambie ni yeye. Unaumwa kweli?"

Akamwambia haumwi, kulikuwa na makosa ofisini. Nesi akasema basi mpigie umwambie, mtu mzima yule hatakula mchana. Akampigia. Mama akapokea, akauliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna, yuko mzima kabisa. Mama akasema anashukuru sana kwa taarifa. Sekunde thelathini na nane.

Asubuhi iliyofuata alipita mapokezi mapema, kabla binti hajakaa sawa. Akamwambia, leo mwambie yule fundi amepona. Binti akaandika kwenye kikaratasi, amepona. Milio Minne hakuondoka. Alishika ukingo wa meza, akauchunguza kama una nyufa.

"Na umwambie anamkumbuka mama yake. Sema kama umesikia tu watu wanasema."

Binti hakuandika hilo. Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Saa nne na dakika moja kitaa kikawaka. Pale mezani palikuwa na kitufe, yeye peke yake ndiye mwenye nacho katika jengo zima, cha kuingia kwenye simu ya mtu na kusikiliza bila kujulikana. Aliweka kidole juu yake. Akakaa hivyo, kidole kimegusa, hakikubonyeza, akiangalia chekundu kile, dakika tano, sita, saba, nane. Kikazima.

Akaenda mapokezi akijifanya anakagua waya wa ukutani. Binti alikuwa anapangusa macho kwa kiganja, akimtazama mteja wa kweli aliyekuwa akiingia mlangoni na bomba begani.

"Amesemaje?"

"Nilipomwambia, alinyamaza," binti alisema. "Nikadhani amekata. Halafu akaniuliza bei ya pampu."